Mnara wa Kuongozea Ndege

Keko ni sehemu ya Temeke, katika jiji la Dar es Salaam. Kutwa nzima husikika hapo sauti za misumeno na nyundo za mafundi wanaotengeneza vitanda, makabati na viti. Mara kwa mara sauti hizo hufunikwa na mngurumo utokao angani. Watoto huinua macho yao juu. Ndege kubwa inapita, magurudumu yake yakiwa yameteremshwa tayari kwa kutua. Baada ya muda hupita nyingine.

Barabara ya Nyerere, ambayo zamani iliitwa Barabara ya Pugu, hupita karibu na Keko na kuelekea kwenye Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere. Katika barabara hiyo magari yanapofika njia panda huongozwa na taa au na askari. Angani hakuna njia panda, wala taa za barabarani, wala askari aliyesimama. Je, rubani hujuaje kwamba njia iko wazi? Ni nani amwambiaye ashuke, asubiri au aruke?

Kazi hiyo hufanywa na watu wanaokaa katika chumba cha vioo juu ya mnara. Watu hao huitwa waongoza ndege. Katika somo hili tutajifunza jinsi minara ya kuongozea ndege ilivyoanza, jinsi inavyofanya kazi, na kwa nini neno moja litokalo mnaranini humo laweza kuokoa maisha ya watu wengi.

Kwa nini ndege huongozwa

Dereva wa gari akiona hatari mbele yake hukanyaga breki, na gari husimama. Rubani hawezi kusimamisha ndege yake angani. Mabawa ya ndege huibeba kwa sababu hewa hupita juu yake na chini yake kwa kasi. Kasi hiyo ikipungua mno, mabawa hushindwa kuibeba ndege, nayo huanguka.

Tufanye hesabu kidogo. Ndege inayotua kwa kasi ya kilometa 250 kwa saa husafiri karibu meta 70 kwa kila sekunde moja. Ndege mbili zenye kasi hiyo zikielekeana, hukaribiana kwa karibu meta 140 kwa kila sekunde. Umbali huo unazidi urefu wa uwanja wa mpira. Marubani wakingoja mpaka waonane kwa macho, huenda wakawa wamechelewa.

Kwa hiyo ndege huongozwa kwa kanuni moja kuu, nayo ni hii: ndege mbili zisiwe mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kanuni hii ni rahisi kuisema. Kuitimiza mchana na usiku, wakati wa jua na wakati wa mvua, ndiyo kazi ya mnara.

Minara ilivyoanza

Tarehe 17 Desemba 1903, ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walirusha ndege yao yenye injini. Safari ya kwanza siku hiyo ilichukua sekunde 12 tu. Hapakuwa na haja ya mnara, kwa kuwa hapakuwa na ndege nyingine angani.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ndege zilianza kuchukua barua na abiria. Viwanja vikawa na ndege nyingi, na hatari ya kugongana ikazidi. Mwaka 1920 katika kiwanja cha Croydon, karibu na London, Uingereza, kilijengwa chumba kilichoinuliwa juu, chenye madirisha pande zote. Huo unahesabiwa kuwa mnara wa kwanza wa kuongozea ndege duniani.

Katika nchi nyingine kazi hiyo ilianza kwa vifaa duni zaidi. Mwaka 1929 katika mji wa St. Louis, Marekani, Archie League aliajiriwa kuongoza ndege kwa bendera mbili. Alibeba kiti chake, mwavuli wake na chakula chake katika toroli, akaketi kando ya njia ya kurukia. Bendera nyekundu ilimwambia rubani asubiri. Bendera ya mirabaraba ilimwambia aende. Hakuwa na mnara wala redio, lakini kanuni yake ilikuwa ile ile tuliyoitaja.

Afrika ya Mashariki nayo ilipata ndege mapema. Mwaka 1937 ndege za majini za kampuni ya Imperial Airways zilianza kusafiri kati ya Uingereza na Afrika Kusini. Ndege hizo zilikuwa na tumbo lililoundwa kama mashua, nazo zilitua juu ya maji. Njiani zilipitia Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Bandari ikawa kiwanja cha ndege.

Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Uingereza iitwayo Comet iliondoka London kwenda Johannesburg. Hiyo ilikuwa safari ya kwanza duniani ya kuchukua abiria kwa ndege ya jeti, na Entebbe, nchini Uganda, kilikuwa kimojawapo cha vituo vyake. Ndege za jeti zilikwenda mbio kuliko ndege za zamani, na waongoza ndege wakawa na muda mfupi zaidi wa kufikiri.

Entebbe upo mnara wa kale ambao mgeni anaweza kuuona hata leo. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976 palitokea mapigano katika kiwanja hicho, wakati askari wa Israeli walipokuja kuwaokoa abiria waliokuwa wametekwa nyara. Ukuta wa mnara huo bado una matundu ya risasi. Kazi ya kuongoza ndege ilihamia kwenye mnara mpya, na mnara ule wa kale ukabaki kama kumbukumbu.

Hadi mwaka 1977, usalama wa ndege katika Tanzania, Kenya na Uganda ulisimamiwa kwa pamoja chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya hiyo ilipovunjika mwaka huo, kila nchi ilichukua kazi hiyo mikononi mwake. Leo katika nchi yetu waongoza ndege wako chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Kiwanja cha Dar es Salaam nacho kimekua. Kina majengo matatu ya abiria: la kwanza ndilo la zamani kuliko yote, la pili lilifunguliwa mwaka 1984, na la tatu mwaka 2019. Jengo lolote atakalotumia abiria, ndege yake haiondoki bila ruhusa ya waongoza ndege.

Umbo la mnara

Mwongoza ndege lazima aone kiwanja chote: njia ya kurukia, maegesho ya ndege, na anga linalozunguka kiwanja. Akiwa chini, majengo, miti na ndege zenyewe humziba. Ndiyo sababu chumba chake huwekwa juu.

Iko sababu nyingine. Dunia ni mviringo. Mtoto aliyesimama ufukweni, macho yake yakiwa meta 1.2 juu ya maji, huona bahari mpaka umbali wa karibu kilometa 4. Mtu aliyeko meta 30 juu ya maji huona mpaka karibu kilometa 20. Kadiri uendavyo juu, ndivyo upeo wa macho unavyokwenda mbali.

Ukitazama vizuri vioo vya chumba cha mnara utaona jambo la ajabu. Havikusimama wima kama vioo vya madirisha ya nyumba. Vimeinama, sehemu ya juu ikitokeza nje kuliko sehemu ya chini. Kwa nini? Jaribio lifuatalo litakusaidia kujibu.

Jaribio la kwanza: Kioo na taa

1. Usiku, simama ndani ya chumba chenye taa, mbele ya dirisha la kioo. Tazama nje.
2. Utaona nini? Utajiona mwenyewe, na taa iliyoko nyuma yako. Vitu vilivyo nje vitaonekana kwa shida.
3. Sasa zima taa, kisha tazama tena. Vitu vilivyo nje vitaonekana vizuri zaidi.

Taa ilipowaka, mwanga wa ndani ulipiga kwenye kioo ukarudi machoni pako. Tendo hilo huitwa kuakisi. Mwongoza ndege hawezi kukaa gizani kabisa, kwa kuwa lazima asome saa na vipimo vyake. Lakini kioo kinapoinama kuelekea nje, sura inayoakisiwa machoni pake ni ya dari, wala si ya taa za mezani. Dari hiyo hupakwa rangi nyeusi au nyeusinyeusi. Kwa njia hiyo macho yake hubaki huru kuona nje.

Upepo na njia ya kurukia

Ndege huruka na kutua ikiuelekea upepo. Tuseme ndege fulani haiwezi kuinuka mpaka hewa ipite kwenye mabawa yake kwa kasi ya kilometa 250 kwa saa. Upepo ukivuma kutoka mbele kwa kilometa 30 kwa saa, magurudumu yahitaji kwenda kilometa 220 tu kwa saa. Upepo huo ukivuma kutoka nyuma, magurudumu yahitaji kwenda kilometa 280 kwa saa, na huenda njia ikaisha kabla ndege haijainuka. Kwa hiyo mwongoza ndege huanza kazi yake kwa kuuliza: upepo unatoka wapi?

Njia kubwa ya kurukia ya Dar es Salaam ina urefu wa meta 3,000. Upande mmoja umeandikwa 05 na upande wa pili umeandikwa 23. Namba hizi si za kupambia. Rubani anayetumia njia ya 05 huelekea kwenye nyuzi 50 za dira, yaani kaskazini mashariki. Anayetumia njia ya 23 huelekea kwenye nyuzi 230, yaani kusini magharibi. Sifuri ya mwisho huachwa. Ni njia moja ile ile yenye namba mbili, kwa sababu ina ncha mbili.

Wavuvi wa pwani hujua upepo wa kaskazi na upepo wa kusi. Marubani nao lazima waujue. Upepo wa kaskazi unapovuma kutoka kaskazini mashariki, ndege hutumia njia ya 05: hutua zikitokea upande wa Pugu, na huruka kuelekea upande wa jiji na bahari. Upepo unapovuma kutoka upande wa kusini magharibi, mambo hugeuka: ndege hutua zikitokea upande wa jiji, na huruka kuelekea Pugu. Mtoto wa Keko anaweza kulijua jambo hili bila kufika kiwanjani. Azitazame ndege tu. Je, leo zinashuka au zinapanda?

Jaribio la pili: Kutengeneza mfuko wa upepo

Vifaa: mkono wa shati kuukuu, waya, uzi, na ufito mrefu.

1. Kunja waya uwe duara, kisha ushone kwenye mdomo mpana wa mkono wa shati.
2. Funga nyuzi tatu kwenye duara hilo. Unganisha ncha zake na uzifunge juu ya ufito, mfuko uweze kuzunguka.
3. Simika ufito mahali pa wazi katika uwanja wa shule.

Mkia wa mfuko huelekea kule uendako upepo. Kwa hiyo upepo hutoka upande wa mdomo. Mfuko ukinyooka, upepo ni mkali. Ukining'inia, upepo ni mdogo. Kila kiwanja cha ndege huwa na mfuko kama huu. Andika kila siku, kwa wiki mbili, upepo ulikotoka asubuhi na ulikotoka alasiri.

Uzito wa hewa

Hewa ina uzito, nayo hukandamiza kila kitu. Mkandamizo huo huitwa kanieneo ya hewa. Ukipanda mlima, kanieneo hupungua. Katika ndege kimo cha kipimo kimoja hutumia jambo hili: hupima kanieneo ya hewa, kisha humwonyesha rubani yuko juu kiasi gani.

Lakini kanieneo haibadiliki kwa ajili ya kimo tu. Hubadilika pia siku kwa siku na saa kwa saa, kufuatana na hali ya hewa. Kanieneo hupimwa kwa hektopaskali. Karibu na usawa wa bahari, tofauti ya hektopaskali moja ni sawa na kimo cha karibu meta 8. Kipimo cha rubani kikikosewa kwa hektopaskali 10, rubani aweza kuamini kuwa yuko juu kwa karibu meta 80 zaidi ya kweli. Usiku, au ndani ya mawingu, kosa hilo laweza kumgongesha kilimani. Kwa hiyo kabla ndege haijatua, rubani huambiwa kanieneo ya kiwanjani ya wakati ule, naye hurekebisha kipimo chake.

Sauti katika redio

Sauti ya mtu husafiri hewani karibu meta 340 kwa sekunde, tena hufifia upesi. Haiwezi kumfikia rubani. Mnarani hutumika redio ya kuzungumzia. Redio hiyo hubeba maneno kwa mawimbi yanayosafiri kwa kasi ya mwanga, yaani kilometa 300,000 kwa sekunde.

Marubani hutoka nchi nyingi, na lugha wanayoitumia zaidi kwa kazi hii ni Kiingereza. Maneno yake ni machache na yamepangwa. Herufi nazo hutajwa kwa majina, kama vile Alfa, Bravo na Charlie, ili moja isidhaniwe kuwa nyingine. Kila ndege ina alama ya nchi yake iliyoandikwa ubavuni. Alama ya ndege za Tanzania huanza na 5H, ya Kenya 5Y, na ya Uganda 5X.

Tuseme ndege moja inaitwa Alfa. Kwa Kiswahili mazungumzo yangekuwa hivi:

Mnara: "Alfa, shuka mpaka futi 3,000."
Rubani: "Nashuka mpaka futi 2,000, Alfa."
Mnara: "Alfa, sivyo. Shuka mpaka futi 3,000. Nasema tena, futi 3,000."
Rubani: "Nashuka mpaka futi 3,000, Alfa."

Umeona kilichotokea? Rubani alisikia vibaya. Kosa lake liligunduliwa kwa sababu alirudia maneno aliyoyasikia, na mwongoza ndege akasikiliza marudio hayo kwa makini. Ndege zinazopishana angani huachiwa nafasi, mara nyingi futi 1,000, yaani karibu meta 300, kati ya ile ya juu na ile ya chini. Kama ndege nyingine ilikuwa futi 2,000, kosa la namba moja lingezikutanisha. Kurudia si kupoteza wakati. Ni ukaguzi.

Mwongoza ndege hategemei kumbukumbu yake peke yake. Katika minara ya zamani, na katika mingi ya leo, kila ndege huwa na ukanda wake mwembamba wa karatasi. Juu yake huandikwa jina la ndege, iendako, kimo chake na saa. Kanda hizo hupangwa mezani kwa zamu. Ndege ikiruka, ukanda wake huhamishwa. Hivyo mtu anayekuja kupokea zamu anaweza kuona kwa mara moja ndege zote zilizopo.

Redio ikinyamaza

Redio yaweza kuharibika. Hapo mwongoza ndege hachukui bendera kama Archie League. Huchukua taa yenye mwanga mkali, ambayo huielekeza kwenye ndege moja tu. Baadhi ya ishara zake ni hizi:

Kijani isiyomweka, kwa ndege iliyo angani: unaruhusiwa kutua.
Kijani isiyomweka, kwa ndege iliyo chini: unaruhusiwa kuruka.
Nyekundu isiyomweka, kwa ndege iliyo angani: pisha ndege nyingine, uendelee kuzunguka.
Nyekundu isiyomweka, kwa ndege iliyo chini: simama.
Nyekundu inayomweka, kwa ndege iliyo angani: kiwanja si salama, usitue.

Rubani aliye angani mchana hujibu kwa kuyumbisha mabawa ya ndege yake. Hata hapa, pasipo na sauti, jibu lazima litolewe.

Siku ya ukungu

Tarehe 27 Machi 1977, ndege nyingi zilielekezwa kutua katika kiwanja kidogo cha Los Rodeos, kisiwani Tenerife, katika visiwa vya Kanari vya Hispania. Kiwanja kikubwa cha kisiwa cha jirani kilikuwa kimefungwa baada ya bomu kulipuka humo. Miongoni mwa ndege zilizofika Los Rodeos zilikuwamo ndege mbili kubwa za aina ya Boeing 747: moja ya kampuni ya KLM ya Uholanzi, na moja ya kampuni ya Pan Am ya Marekani.

Wakati wa kuondoka ukungu mzito ulifunika kiwanja. Waongoza ndege hawakuweza kuiona njia ya kurukia, wala hawakuwa na rada ya kuonyesha ndege zilizo ardhini. Masikio yao na redio ndivyo vilivyobaki. Ndege ya KLM ilikuwa imesimama mwanzoni mwa njia. Ndege ya Pan Am ilikuwa bado inatembea juu ya njia hiyo hiyo, ikitafuta mahali pa kutokea.

Rubani wa KLM alianza kuruka kabla ya kupewa ruhusa ya kuruka. Wakati huo huo mnara ulimwambia angoje, na rubani wa Pan Am alisema kuwa bado yuko njiani. Watu hao wawili walizungumza kwa wakati mmoja. Katika redio ya aina hiyo, sauti mbili zikikutana huharibiana. Ndani ya ndege ya KLM palisikika mlio wa kukwaruza badala ya onyo. Ndege zile ziligongana. Watu 583 walikufa, na 61 walipona. Hiyo ndiyo ajali iliyoua watu wengi kuliko zote zilizotokea kwa ndege kugongana.

Baada ya ajali hiyo maneno ya redio yalirekebishwa duniani kote. Neno la Kiingereza lenye maana ya "kuruka" sasa hutamkwa tu wakati wa kutoa ruhusa yenyewe ya kuruka, au wa kuifuta. Nyakati nyingine husemwa "kuondoka". Kwa hiyo rubani anayelisikia neno hilo hana haja ya kubahatisha.

Rada

Ukungu na giza huzuia macho, lakini haviyazuii mawimbi ya redio. Rada hupeleka mawimbi hayo angani. Yakigonga ndege, sehemu yake hurudi, kama mwangwi wa sauti unavyorudi kutoka ukutani. Kwa kupima muda wa kwenda na kurudi, rada hujua ndege iko umbali gani. Ndege ikiwa umbali wa kilometa 150, mawimbi husafiri jumla ya kilometa 300, nayo hutumia sehemu moja tu ya elfu ya sekunde. Ndege nyingi huwa pia na chombo kinachoijibu rada kwa kutaja namba ya ndege na kimo chake.

Mwaka 2017 Tanzania ilitia saini mkataba wa kununua rada nne za kuongozea ndege za kiraia, kwa ajili ya Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Hata hivyo rada haikuiondoa kazi ya mtu. Rada huonyesha ndege ilipo. Mtu ndiye aamuaye ipi itangulie, ndiye asemaye, na ndiye asikilizaye jibu.

Jaribio la tatu: Mchezo wa mnara

1. Chora chini njia ya kurukia yenye upana wa hatua mbili na urefu wa hatua ishirini.
2. Mwanafunzi mmoja asimame juu ya kiti imara. Huyo ndiye mnara. Wengine watano wawe ndege, kila mmoja na jina lake.
3. Ndege asiingie njiani mpaka aitwe kwa jina na kupewa ruhusa, naye arudie maneno yote aliyoambiwa.
4. Cheza kwanza bila kurudia maneno. Kisha cheza kwa kurudia. Hesabu makosa katika kila mchezo.
5. Mwishowe waache ndege wote waseme kwa pamoja. Je, mnara unasikia nini?

Tuliyojifunza

Bendera, taa, redio na rada ni vyombo vilivyofuatana kwa karibu miaka mia moja. Minara ya kale imeachwa na mipya imejengwa. Lakini kanuni ya kwanza haikubadilika: ndege mbili zisiwe mahali pamoja kwa wakati mmoja. Njia ya kuitimiza nayo haikubadilika: tazama vizuri, sema kwa ufupi, sikiliza jibu. Ndege ipitapo tena juu ya mapaa ya Keko, kumbuka kwamba yuko mtu aliyempa rubani ruhusa, na kwamba rubani ameirudia ruhusa hiyo kwa sauti yake mwenyewe.

Maswali

1. Kwa nini ndege haiwezi kusimama angani kama gari lisimamavyo barabarani?
2. Taja kanuni kuu ya kuongoza ndege.
3. Vioo vya chumba cha mnara vimeinama kuelekea nje. Eleza sababu yake.
4. Njia moja ya kurukia ina namba 09 upande mmoja. Upande wa pili una namba gani?
5. Leo ndege zinaruka kutoka Dar es Salaam kuelekea upande wa bahari. Upepo unatoka upande gani?
6. Kipimo cha kimo kimekosewa kwa hektopaskali 5. Rubani amekosea kwa karibu meta ngapi?
7. Rada imepeleka mawimbi kwenye ndege iliyo umbali wa kilometa 75. Mawimbi yamesafiri jumla ya kilometa ngapi mpaka kurudi?
8. Kama rubani wa Pan Am na mnara wa Los Rodeos wangengojeana kabla ya kusema, unadhani nini kingetokea? Toa sababu zako.